Hodi Nje ya Pazia

Idara ya Kompyuta,
Chuo Kikuu,
Ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, jicho bado kali na mkono bado hautetemeki. Mimi sijambo. Kile kifua kilichonisumbua kimepona, na ninakula vizuri kuliko unavyodhani. Wewe je, hali yako? Najua jibu lako: "Mzima kama saa ya ukutani!" Safari hii liweke kwanza, usome mpaka mwisho, ndipo unijibu.

Nianze na habari njema. Nimethibitishwa kazini! Mwanao sasa ni mhadhiri mwandamizi wa usalama wa mitandao na faragha ya data, na jina langu limebandikwa mlangoni, ingawa limekaa upande. Mlango wenyewe kitasa chake hakifungi. Mtu anayefundisha wenzake kulinda siri anaegemeza kiti mlangoni ili asivamiwe; kweli mganga hajigangi.

Asante, Shangazi. Naiandika hiyo asante na bado naiona ndogo. Nilipofiwa na wazazi ulinichukua bila kuuliza mtu, ukanilea katika chumba kimoja nyuma ya duka lako la saa, ukanisomesha kwa saa mbovu za watu. Hata jina la Skrubu ulinipa wewe, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kutambaa sakafuni kutafuta skrubu zilizokuponyoka, na mwenyewe nilikuwa mdogo kama zenyewe.

Juzi wanafunzi waliniuliza haya mambo ya faragha nilijifunzia wapi. Walitegemea nitaje chuo kikubwa. Nikawaambia habari za pazia. Unakumbuka? Ulikigawa chumba kwa lile pazia la maua ili nami niwe na kwangu, na kila ulipotaka kuja upande wangu, hata kama ni kuchukua ufagio tu, ulisimama ukapiga hodi. Hodi kwa mtoto asiye na meno ya mbele! Mshona viatu wa jirani alikucheka hadi akaangusha nyundo. Wewe ukamjibu, "Kwake ni kwake. Leo nikiingia bila hodi, kesho atajificha mbali zaidi." Na nisipoitikia ulirudi zako, ufagio ukabaki.

Na zile saa zilizochorwa maneno ya mapenzi nyuma? Wambea walikuja dukani kuuliza ya nani imeandikwa nini. "Nimeletewa saa nitengeneze," uliwaambia, "sikuletewa barua nisome." Wanafunzi walicheka, kisha nikawaona wanaandika.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana nasikia unawaambia watu kwamba nafukuza wezi ndani ya kompyuta. Hujakosea sana. Hospitali zikitaka kuwapa watafiti taarifa za wagonjwa, hufuta majina kwanza. Mimi hupewa taarifa hizo kabla hazijatoka, nijaribu kuona kama mtu bado anaweza kutambulika. Nikimtambua hata mmoja, hospitali hurudi kuziba tundu.

Mwezi uliopita nililetewa taarifa za watu waliolazwa katika hospitali za miji kadhaa. Ilikuwa mchana, wenzangu wamekwenda kula, nami nikawa natafuta kazi adimu, kwa sababu mwenye kazi adimu hafichiki. Nikaandika "fundi saa". Nakuapia niliandika kwa majivuno tu, kwa kuwa ndiyo kazi adimu ninayoijua na kuipenda. Ukaja mstari mmoja. Mwanamke. Mwaka wako wa kuzaliwa. Mji wetu. Anaishi peke yake.

Moyo ulinilipuka paa! Ugonjwa, tarehe na maneno ya daktari vilikuwa upande wa kulia, nje ya kioo cha kompyuta, bado sijaviona. Ilibaki kubonyeza kitufe tu. Kidole kilikuwa juu yake, Shangazi. Niliogopa kujua, na niliogopa zaidi kutojua, kwa sababu wewe hata shavu likivimba kwa jino husema umenenepa. Watu wanasema macho hayana pazia. Ya kwangu wewe uliyashonea zamani, na siku ile ndipo nilipolihisi. Nikaifunga kompyuta bila kubonyeza.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wetu wa idara, mama asiye na mchezo, nikamwambia nimemtambua mtu wangu. Kwa kanuni zetu ilibidi niuache utafiti huo, na nimeuacha. Mwenzangu ameuchukua, na makala ya matokeo itatoka kwa jina lake. Haikuniuma kama nilivyodhani. Hospitali zimekubali kuandika "fundi" tu bila kusema wa nini, kwa hiyo hakuna mwingine atakayekukuta humo. Kisha nikamuuliza mkuu huyo kama naruhusiwa kukuandikia. "Siri ni yake," akasema. "Ikitikiswa, wa kwanza kuambiwa ni yeye."

Basi nakuambia. Ninachojua ni kimoja: ulilazwa, na hukuniambia. Zaidi ya hapo sijui, wala sitatafuta. Ila kila nikikumbuka simu zetu najiuliza ni ipi uliyonipigia ukiwa kitandani, ukaniuliza mimi kama nimekula. Sikulaumu hata kidogo. Nimelia, nikanywa chai, nikakaa kukuandikia.

Nisalimie mshona viatu, mwambie bado nasikia kicheko chake. Nisalimie na binamu yangu dereva, apunguze mwendo, tunamtaka akiwa mzima siku ya harusi yake. Wateja wako wote wape salamu, hata wale wambea. Mungu akuzidishie siku, akupe usingizi mtamu, na akuachie macho ya kuona skrubu ndogo kuliko mimi.

Na sasa nimesimama palepale ulipokuwa ukisimama wewe, ila safari hii pazia ni lako. Hodi, Shangazi. Ukisema karibu, nitapanda basi la kwanza, ofisi ibaki ikilindwa na kile kiti. Usipoitikia, nitarudi zangu kama ulivyokuwa ukirudi, na kesho yake nitakuja kupiga hodi tena.

Wako akupendaye, aliye nje ya pazia,

Skrubu.