Kwa Kaka Aliyekosa Mazishi ya Mama Akimvizia Mwizi

Kwa kaka yangu mkubwa, popote ulipojibanza ukimvizia mtu,

Naiandika barua hii wazi, kila mtu aisome, kwa sababu ingekuwa ya siri ungeipeleka ofisini ikapimwe alama za vidole. Sisi wa nyumbani hatujambo. Najua hukuuliza.

Unakumbuka njugu za mama? Ulikuwa darasa la sita, mimi la pili. Njugu zilipungua chunguni, nawe ukatupanga ukutani, mimi na dada zetu wawili, ukatunusa midomo mmoja mmoja. Jioni mama akakuambia kwamba alikuwa amezila mwenyewe. Tulicheka mpaka tukatoa machozi, na wewe pia ulicheka. Nilikupenda sana siku ile. Sikujua kwamba ugonjwa wako ulikuwa umeanza.

Ukawa mpelelezi wa polisi hapo Migori, na mama akaringa sokoni Rongo wiki nzima. Kisha akatokea Fundi. Watu walimpa jina hilo kwa sababu alifungua makasha ya chuma ya wanunuzi wa dhahabu kule Osiri bila kuyavunja, akayafunga tena vizuri, na mwenye mali akagundua baada ya siku mbili. Wapelelezi wenzako walimtafuta saa za kazi, wakaenda nyumbani wakala. Wewe ulimtafuta hata Krismasi. Harusi ya dada yetu uliimaliza ukikagua vidole vya wageni. Mkeo alipokuacha, ulituambia kwa sauti ya mtu mwenye akili sana kwamba hakuielewa kazi yako. Aliielewa, bwana. Wote tuliielewa, ndiyo maana tulikucheka.

Mama alipolazwa, alikuulizia kila asubuhi. Nikamweleza tena habari za Fundi. Akaniuliza, "Kwani huyo mwizi alituibia nini sisi?" Alifariki Jumapili, hujafika.

Tukapanga mazishi Ijumaa ili upate ruhusa. Wewe ndiye kifungua mimba, na kwetu kifungua mimba ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini. Alhamisi ukanipigia simu ukiwa Rusinga, kwao Fundi. Mama yake Fundi naye alikuwa amefariki, anazikwa Ijumaa hiyo hiyo, nawe ulikuwa na furaha ambayo sitakusamehe.

"Omera, ndugu yangu, huyu lazima atakuja," uliniambia. "Hakuna Mjaluo anaweza kosa mazishi ya mamake."

"Na wewe je, ni wa kabila gani?" nikakuuliza.

Ukakata simu.

Yaliyofuata nilisimuliwa na binamu yetu aliyeolewa huko. Ulikaa katikati ya waombolezaji ukijifanya mvuvi, umevaa gambuti mpya za mpira ambazo hata kibandiko cha bei hukukibandua. Akina mama walikuletea ugali na samaki, wakakuuliza kwa heshima kama afisa angependa supu. Fundi hakuja, bila shaka. Mtu anayefungua kasha la chuma bila kulikwaruza, angeshindwa kuziona gambuti zako?

Huku kwetu jeneza lilikaa ukingoni mwa kaburi hadi saa kumi, wazee wakitazama barabara. Mwishowe mjomba akanishika bega, akaniambia nianze. Nilitupa udongo uliokuwa wako, kaka, na nilikuchukia. Fundi alikosa kumzika mama yake kwa sababu angefungwa. Wewe nani angekufunga?

Sasa nasikia wakubwa wako wamelifunga jalada la Fundi, nawe umechukua likizo ukapanga chumba Homa Bay, eti kuna mtu amemwona akinunua kufuli dukani. Wiki mbili zilizopita ulituma ujumbe kwamba mvua ikianza tukungoje kama kawaida. Kwetu mdogo hapandi shamba la nyumbani kabla ya mkubwa wake, isipokuwa mkubwa huyo amekufa, nawe unalijua hilo vizuri unapotaka kungojewa. Misimu mitatu nimekaa na mbegu ndani ya gunia, majirani wakipalilia, watoto wangu wakila mahindi ya kununua. Mama aliniomba nikuheshimu. Nilikuheshimu hata ulipogeuka kichekesho cha soko zima, na iliniuma, kwa sababu kabla ya hayo yote ulikuwa kaka mzuri.

Mvua ilianza Jumatatu. Nilikungoja siku nne. Jana asubuhi niliwaita wazee, nikawaambia ninachotaka kufanya. Hakuna aliyenikataza. Nimepanda shamba lote, pamoja na sehemu yako.

Unajua maana yake. Ukimaliza kazi yako huko Homa Bay, njoo tu. Mke wangu atakuwekea kiti na kukupikia, maana nyumba hii haijawahi kumfukuza mgeni.

Ni mimi,
Mwana mkubwa wa mama.