Nimekula kabla ya mahari

Cirhuza, nimekula mbele ya mkwe. Mahari bado.

Ndiyo, mimi! Mimi niliyekuwa nakucheka wewe!

Yule Aimé anayemtaka binti yangu Falone alitualika kwenye baa ya tapas, vyakula vya Kihispania, ile inayojaa vijana tangu lockdown iishe. Akamleta shangazi yake, Mama Léonie, tuzungumze mahari. Nikajiambia nitabaki na barakoa yangu. Mtu mwenye barakoa, nani atamlazimisha kula?

Basi vikaja visahani. Vidogo, Cirhuza! Kamba watatu. Viazi vya kumshibisha mtoto mmoja. Nikasema hivi ni vya kuonja, chakula chenyewe kiko jikoni. Na kuonja si kula. Nikashusha barakoa kidogo, nikaonja. Nikapandisha. Nikashusha tena.

Wale kamba, ndugu yangu! Wale kamba!

Mwisho nikamuuliza Aimé, "Sasa chakula kinakuja saa ngapi?"

Falone akafunika uso. "Papa, that's the food. Umemaliza yote."

Mama Léonie hakuwa amegusa kitu. Alikuwa anapanga visahani vyangu mbele yake, kimoja juu ya kingine. Akasema, "Baba Falone, anayekula kwa mkwe amekwisha kukubali. Sasa tunabishana nini?"

Vijana wa meza ya jirani wakapiga makofi, hata hawajui sababu. Nami nikacheka, ningefanya nini? Kijana mwenyewe ni mzuri.

Nilikwenda kudai ng'ombe watano. Nimerudi na watatu, na barakoa inayonuka kitunguu saumu.