Nani Alimsukuma Furaha

Papa Furaha,

Tangu tukuzike hapa Kingi, watu wanakuja kunifariji, na kila mmoja ananieleza wewe ulikuwa nani. Nimechoka nao. Nakuandikia wewe mwenyewe.

Mdogo wako Janvier, kwa kuwa ni muuguzi, anasema kila kitu kilikuwa kichwani. Tawi lilikuangukia kule Walikale mkipasua mbao, likaharibu ubongo upande wa mbele, basi. "Shemeji, ile haikukuwa yeye. Bongo njo ilikuwa inakutukana." Hata munganga wa hospitali kule Goma alituonyesha doa kwenye picha ya kichwa chako, akasema hapo ndipo mtu anazuilia hasira. Siku ile nilipumua. Nikajiambia, kumbe si mume wangu anayenitukana mbele ya watoto. Si mume wangu aliyemsukuma binti yetu Furaha mpaka akavunjika mkono.

Nafuu yenyewe haikudumu. Kama matusi yalikuwa ya ubongo, je, mapenzi? Ulinibeba mgongoni kutoka Nyamitaba nikiwa na homa, barabara imekatwa na mvua, ukiniimbia nisilale. Hiyo nayo ilikuwa nyama ya kichwani tu? Nilimuuliza Janvier. Alikoroga chai yake, akasema, "Hiyo nayo, shemeji." Niliinuka nikamwacha na chai yake.

Pasta yeye anasema roho yako ilibaki nzima, tawi halikuigusa. Nikamuuliza roho hiyo ilikuwa wapi mtoto akilia pale chini. Akaniambia nisali.

Kuna asubuhi moja sijamsimulia mtu. Nilikuwa nachagua maharagi, ukaja ukaketi karibu yangu, ukaanza kutoa mawe bila kusema neno, kama zamani. Nikakuuliza, "Leo uko nani?" Ukaniangalia sana.

"Niko muchofu, Mama Furaha."

Wiki ileile kifafa kilichokuja na jeraha lile kikakuchukua. Mpaka leo jibu hilo linanikera. Unaniambia hivyo, halafu unakwenda.

Jana Furaha aliacha kufua, akaniuliza, "Mama, Papa alikuwa ananichukia?" Nilijua la kujibu, maana wote wamenifundisha: yule hakuwa Papa. Lakini sikulisema hilo. Yule ndiye niliyemlisha. Ndiye niliyemwogesha, akinitukana, na ndiye niliyemlilia. Kama hakuwa wewe, nilizika nani?

Nikamwambia, "Papa alikupenda. Na Papa alikusukuma. Hata mimi sielewi."

Alilia, nami nikalia. Kisha akarudi kwenye nguo zake, na kwa mara ya kwanza tangu ufe alikula na sisi, akaomba aongezewe.

Kwa hiyo nakuahidi hili: sitawaacha wakukate vipande viwili, kimoja cha kulilia na kimoja cha kusahau, ili mimi nipate usingizi. Watoto watakujua mzima, hata pale unapouma.

Pumzika, mume wangu. Bado nimekukasirikia. Nimekukasirikia wewe, si ubongo wako.

Mama Furaha