Ndewe Iliyoziba

Mtaa wa Najma, Doha

Bibi yangu,

Shikamoo. Magoti yanakuruhusu kuinama siku hizi? Sisi wazima, Baba bado anaendesha gari la hoteli. Namwomba dada Saumu akusomee barua hii mkiwa wawili tu. Kwenye simu siwezi kusema, Mama anakuwa pembeni.

Bibi, vipuli vyako sivivai. Shuleni hawataki dhahabu, nikavivua. Uliniambia nikivua nitie njiti ya ufagio ndewe isizibe, nami sikutia. Niliona haya wasichana wa darasani waniulize nina kijiti gani sikioni. Sasa sikio la kushoto limeziba, harusi ya shangazi Rukia ni likizo hii, na wewe utanitazama masikio kabla ya uso. Mama anasema twende kwa sonara hapa mtaani, anatoga kwa mashine mara moja, bibi yako hatajua.

Nilikuwa karibu nikubali. Lakini jirani yetu wa Sri Lanka, Anti Nimali, ana picha ya sanamu ya Budha ukutani, masikio yanakaribia mabega. Nikamuuliza mbona marefu hivyo. Akasema alizaliwa mwana wa mfalme, akavalishwa vipuli vizito vya dhahabu toka utotoni. Siku aliyoondoka kwao kuitafuta kweli alivua vyote, akampa mtumishi avirudishe nyumbani. Dhahabu ikarudi, masikio yakabaki vile vile. Na watu wa kale wa kwao Sri Lanka, anasema, walipojenga mahali pa ibada walizika humo mikufu na vipuli vyao, wasivitake tena.

Akanishika sikio, akacheka. "Lako limesahau upesi."

Nikalia mbele yake, Bibi, mimi ambaye hata kusoma kwa sauti darasani siwezi kwa haya. Nilikumbuka ndewe zako, ndefu na tupu tangu asubuhi ile ya safari yetu ulipovua vipuli ukanivisha. Yule alirudisha vipuli, akaenda. Wewe ulivitoa, ukabaki.

Kwa sonara nimekataa. Niwekee sindano na uzi mweusi, unitoge wewe, kama ulivyonitoga nikiwa mchanga. Safari hii nitakumbuka ilivyouma.

Nisalimie bi harusi wetu, na babu mdogo anayeuza kahawa, na dada Saumu anayekusomea barua hii, asicheke.

Vipuli nakuja navyo. Mpaka kidonda kipone, vikae masikioni mwako.

Mjukuu wako wa sikio moja,
Zuhura