Alama Niliyompa Mercyline

Kangemi, Jumapili

Kaka Fidel,

Umewaambia watu wa nyumbani kwamba "walimu wa Nairobi wanaacha kazi kwa kupenda pesa." Uongo huo, na wewe mwalimu mkuu unaujua. Mimi nimeacha kwa aibu.

Mahindi uliyotuma yamefika, asante.

Nilikuwa na watoto themanini na saba darasani. Tuliagizwa tujaze alama zote za kusoma kufikia Ijumaa. Nikaandika kwamba mmoja wao, Mercyline, anasoma vizuri, ilhali sikuwa nimemsikiza akisoma hata siku moja. Siku ya kufunga shule mamake, mfanyakazi wa nyumba huko Lavington, alisoma ripoti kwa furaha, akamtolea mwanawe karatasi ya dawa yake ya presha.

"Haya, soma Madam asikie!"

Mtoto akaikodolea macho, kisha akanitazama.

"Unaogopa nini na ni Madam amekufundisha?" mama akacheka.

Jumatatu nikapeleka barua ya kujiuzulu ofisi ya elimu mjini.

Najua mwezi huu fomu za alama kama hizo zinangoja sahihi yako. Usitie, kaka. Mwite kila mtoto ofisini, mpe kitabu, umsikize kwanza.

Dadako,
Namalwa