Nilimpa Korongo Jina la Mwanangu

Mama Annonciata, salamu nyingi katika jina la Bwana. Mimi ni mama wa huku kambini Nakivale, kila nikikusikia redioni ninasema leo nitamwandikia, kisha ninaogopa, lakini sasa siku zimeniishia, ninaomba unisaidie.

Sisi ni Wakongo wa Kivu ya Kusini, tulifika hapa mwaka 2004, mimi na bwana wangu Nehemiya na watoto wawili, ila tulipotoka nyumbani walikuwa watatu. Gaju, kifungua mimba wetu, homa ilimkamata katikati ya safari, alikuwa na miaka sita, tukamzika kando ya barabara haraka haraka, wenzetu wakitungoja, hata pasta wa kuomba hakuwako. Huku kila mtu ananiita Mama Gaju kwa sababu ndilo jina nililokuja nalo, lakini mtoto mwenyewe hakuna anayemtaja, hata baba yake, ukimtaja anainuka anatoka nje.

Mwaka 2010 niliingia kikundi cha kujitolea kinachookoa wanyama na ndege wa porini, tuko watu kumi na mmoja, wakimbizi na wenyeji, mtu akikuta korongo amevunjika mguu au mtoto wa swala ambaye mama yake ameuawa na mbwa analeta kwetu, tunatunza, akipata nguvu tunamrudisha kwao. Anayetufundisha ni Dokta Kabanyana, daktari wa wanyama, anakaa Nyamityobora kule Mbarara na anakuja kila Jumamosi kwa pikipiki yake. Na mtu ambaye Dokta alimtegemea kuliko sisi sote ni Mzee Musoni, mfugaji wa ng'ombe tangu kwetu milimani, mtu wa maneno machache, anafunga mguu wa ndege kwa vijiti namna alivyokuwa anafunga wa ndama.

Mwaka jana watu walichoma kinamasi upande wa Masha wapate fasi ya kulima, wakatuletea kinda la korongo, yule mwenye taji kichwani, lilikuwa bado la manyoya laini, dogo kama kifaranga cha kuku. Dokta akatupa sisi wawili tulilee, asubuhi Mzee Musoni, mchana mimi. Akaniambia, "Mama Gaju, huyu akizoea watu, amekwisha. Usiongee naye hata kidogo." Basi tunavaa shuka la kijivu linalofunika mpaka uso, tunamlisha panzi na minyoo kwa kijiti kilichochongwa kama mdomo wa korongo, kimya kabisa, aone sisi ni ndege wenzake.

Mama, wiki ya kwanza nilinyamaza. Wiki ya pili mvua ilinyesha, kinda likawa linatetemeka, nikaliweka kifuani, na neno likanitoka bila kulitafuta: "Gaju, nyamaza, niko hapa." Nilikuwa na miaka minane sijalisema jina hilo kwa sauti. Toka siku hiyo sikuweza kuacha, nilikuwa ninavua shuka, ninakaa chini, ninamwambia habari za mahindi na za wadogo zake, na yeye anainamisha shingo kama anayesikiliza, na mimi ninarudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Siku moja Mzee Musoni alirudi kuchukua panga lake akanikuta. Akasema akiwa mlangoni, "Mama Gaju, acha. Unamuua huyu." Nikamwambia nitaacha, na sikuacha.

Alipojua kuruka tulimpeleka kwenye majani marefu ya ziwa, pale wenzake wanapokusanyika, akakaa nao siku nne. Siku ya tano hatukumwona. Tulimkuta baada ya wiki mbili Endiinzi, kwenye boma la mtu, amefungwa kamba mguuni, mguu umevunjika na kidonda kimeoza. Mwenye boma hakuwa mtu mbaya, alituambia, "Mimi sikumkamata. Alikuja mwenyewe, akasimama kati ya watoto wangu. Tukamfunga asipotee." Mzee Musoni alipiga magoti akaushika mguu ule, kisha akamtazama Dokta na kutikisa kichwa, na Dokta akamchoma sindano ya kumlaza asiamke tena. Kabla ya sindano yule ndege alinigeukia mimi, nilikuwa sijavaa shuka, akanyoosha shingo, na mimi nikarudi nyuma ili watu wasione kama ananijua.

Jumamosi iliyofuata Dokta akatukusanya. "Nani alikuwa anaongea na huyu ndege? Semeni ukweli, mimi sikuji hapa kufunga mtu." Mmoja akasema si ni Mzee Musoni, yeye anaimbia ng'ombe za watu kila siku, ataweza kunyamazia ndege? Wengine wakaitikia. Mzee akaniangalia, mara moja tu. Mimi nikaangalia vidole vyangu vya miguu. Akasema, "Kama munaona ni mimi, basi," akaweka shuka lake juu ya meza akaondoka. Dokta alikuwa amemtafutia kazi ya kumsaidia Mbarara, kufunga mifupa ya wanyama, na kazi hiyo ikaishia pale. Toka wakati ule akinikuta njiani ananisalimia vizuri, anauliza watoto, na afadhali angenitukana.

Sasa jina la Mzee limetoka kwa wakimbizi wanaopelekwa ng'ambo, anakwenda Kanada na mwanawe, gari linawachukua Jumamosi hii. Na juzi wameleta makinda mawili, na Dokta amenipa mimi yote, anasema mimi ndiye ninayejua sheria. Nimemwambia Nehemiya ninataka kusema, akajibu, "Ndege amekufa, mzee anaenda zake. Unataka kutuaibisha kwa faida ya nani?" Sijui nifanye nini, Mama. Nikisema watanitoa kikundini, na kikundi ndicho kinachonishika. Ninakuomba usome barua hii Ijumaa, kwa sababu Ijumaa Mzee haendi shambani, anakaa na redio yake, hakosi kipindi chako.

Mimi Mama Gaju, Nakivale

JIBU

Pole, Mama. Pole ya kwanza ni ya mtoto uliyemwacha kando ya barabara, na naitoa bila masharti. Mtu aliyezika mwanawe kwa haraka hivyo, kisha akakaa miaka minane bila kulitamka jina lake, simshangai likimponyoka mbele ya kinda linalotetemeka. Siku ile ya mvua hukufanya dhambi.

Lakini siku zilizofuata? Ulionywa na daktari, ukaonywa na mzee, ukamwahidi, ukaendelea. Ulikuwa unamponya nani? Ndege yule alilipia raha yako kwa kuwaamini watu wa kwanza aliowakuta. Unajua hivyo, ndiyo maana ulirudi nyuma aliponyoosha shingo, na naona hicho ndicho kinachokuuma kuliko yote. Siwezi kukuondolea.

La Mzee Musoni ni baya zaidi, kwa sababu lile la ndege lilikutoka ukiwa na huzuni, ila la mzee ulilichagua ukiwa na akili zako. Yeye alikuwa na neno moja tu la kujitoa, naye hakulisema. Usiniulize kwa nini. Kamuulize mwenyewe, angali yupo.

Unataka nisome Ijumaa, mzee akiwa ameketi na redio. Nimekuelewa vizuri, Mama. Unataka sauti yangu itoke kwenye kisanduku ikasema uliyoshindwa kusema wewe, mzee aelewe, na Jumamosi gari liondoke kabla hamjaangaliana usoni. Sitafanya hivyo. Majina niliyoyasoma hapa nimeyabadilisha yote, na leo ni Jumatano, saa nne asubuhi, mzee yuko shambani. Kuna majirani watakaokutambua hata hivyo, na ulijua hilo uliposhika kalamu. Kwa hiyo mzee asifikiwe na mtu mwingine kabla yako.

Nehemiya anauliza ni kwa faida ya nani. Mwambie ni kwa faida ya mtu mzima anayekwenda nchi ya mbali akiwa ameitwa mkosaji na watu aliokula nao. Halafu, siku nyingine, kaa naye umuulize habari za Gaju. Akitoka nje, toka naye. Yeye pia alizika mtoto, na hakupata hata korongo wa kumwambia. Mwendeeni pasta wenu pamoja, mwombe ibada ya kumkumbuka, jina lake litajwe mbele ya watu, watoto wenu wajue walikuwa na dada.

Dokta akija Jumamosi asubuhi, mzee atakuwa ameondoka. Usimngoje. Mpigie simu leo, mwambie wewe ndiye uliyeongea na ndege, na wewe ndiye uliyenyamaza, uyaseme yote mawili, usifiche moja nyuma ya jingine. Mwombe awaambie wenzenu wote, tena mbele ya mzee, hata kama ni kesho jioni. Na yale makinda mawili mpe mtu mwingine leo hii. Huwafai bado. Omba wakuachie kazi ya kukamata panzi na kuteka maji, kazi ya mbali na kibanda cha makinda. Wakikufukuza kabisa, kubali, uendelee kukamata panzi uwaletee mlangoni. Kinda halijui nani alikamata panzi.

Kazi ya Mbarara haitarudi, Mama, na yule ndege wa Endiinzi amelala. Mzee huenda akaendelea kupalilia maharage huku wewe umesimama pale. Basi simama, mpaka aseme au akuambie uondoke, wala usilie sana, asije akaanza yeye kukubembeleza wewe.

Zima redio, Mama. Vaa viatu. Nenda.