Vigingi vya Kinamasini

Dada yangu msomi,

Duniani hakuna anayepima tope kunishinda, na shule niliishia darasa la saba! Uliponiandikia kwamba kati ya vinamasi tisa vya maji chumvi unavyovilinganisha duniani, chetu ndicho ambacho tope lake linapanda haraka zaidi, nilipita mtaani kifua mbele kama nimekizaa mimi. Mama hajambo, ila viatu vyangu amevipiga marufuku sebuleni.

Jirani yetu fundi bomba alinikuta kinamasini na nyundo.

"We bwege, unagonga nini?"

"Kigingi kimelegea, nakikaza."

"Si ndicho unachopimia tope limefika wapi? Ukikididimiza, tope si litaonekana limepanda?"

Nilicheka, kisha nikaitua nyundo topeni. Dada, nimevikaza vyote kila mwezi, mwaka mzima, nikidhani ndio uhodari. Namba zote nilizokutumia ni bure. Usisimame nazo mbele ya walimu wako mwezi ujao, zitakuaibisha.

Lakini kukosea si kitu, hata wewe ungenicheka tu. Fundi aliniambia hayo miezi mitatu iliyopita. Nimenyamaza kwa sababu hukuwahi kunisifu hivyo kabla ya barua ile.

Ni mimi, mdogo wako.